Alama Mbili za Dole Gumba

Wifi yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, zenye unga vidoleni kama kawaida. Naamini barua hii inakukuta mzima, kifua hakikusumbui tena na baridi ya huko umeizoea. Sisi hatujambo. Mdogo wangu, yaani mume wako, naye hajambo kwa kipimo chake: anakula, analala, homa imemwacha.

Barua yako ilinikuta napima chumvi. Niliisoma nimesimama, nikaiweka kwenye rafu ya hamira, nikaendelea na kazi, maana donge likishaumuka halimsubiri mwenye hasira. Umeandika kwamba kuna mtu anataka kukuoa, ni mtu mwema, mahakama itakupa talaka ukiiomba, na hutamjibu mpaka mimi niseme neno. Hukumwuliza mama, hukumwuliza shangazi. Umeniuliza mimi, Mama Mizani, ninayepima hata maneno. Sikufichi, nilikasirika. Tanuri hili nililijenga mwenyewe, tofali juu ya tofali, kisha nikamfundisha yeye kazi. Siku alipopanda kusafisha bomba la moshi akaanguka, kichwa kikatangulia, tulimbeba mimi na wewe: wewe miguu, mimi mabega. Baadaye ukachoka, ukaondoka. Mabega ninayo hadi leo.

Nikueleze tunavyoishi. Nikishamwogesha na kumvalisha, namkalisha kwenye kile kiti cha mikono, nyuma ya ukuta wa tanuri, mahali joto linapopenya polepole. Jua likiingia dirishani unga unaelea hewani, naye anautazama ukishuka, macho yakienda nao taratibu mpaka sakafuni, kisha yanapanda kuanza upya. Wakati mwingine nami nasimama nikitazama anachokitazama, na duka lote linakuwa kama liko chini ya maji. Sauti za wateja zinafika kwa mbali, mvuke unapanda, na hakuna mwenye haraka. Shangazi akija humpigia kelele kana kwamba kaumia masikio. Juzi alimwuliza, kwa sauti ya kuita mtaa mzima, kama anamkumbuka. Yeye akapiga mwayo. Mleta kuni akasema huyo kajibu vizuri kuliko wengi wetu.

Vidole vyake vilikuwa vimejikunja, unakumbuka. Muuguzi anayekuja kumnyoosha viungo alishauri apewe kitu laini cha kuminya. Nikampa donge la unga, kuna laini gani zaidi ya hiyo? Kwa muda mrefu alilishika tu, likamkaukia mkononi. Kisha mchana mmoja, tanuri likipoa, nikageuka nikamwona amekata kipande, anakiviringisha chini ya kiganja, macho yake yakiwa kule kule kwenye unga wa hewani. Akakata kingine, na kingine. Nikaviweka kwenye mizani: gramu themanini, themanini, themanini na moja. Wifi, mimi mwenyewe nikikata kwa jicho nazidisha kumi!

Halafu akabonyeza dole gumba juu ya kimoja, mara mbili, sambamba.

Alama hiyo unaijua. Alikuwa akiiweka kwenye mkate mmoja tu wa trei ya kwanza, ili wauzaji wasiuguse, kwa kuwa ule ni wa mke wake. Hata wateja wagombane, ule ulibaki. Niliketi juu ya gunia nikalia. Nilisema yumo humo ndani, na amekutaja. Jioni ile nikaanza kukuandikia barua nyingine, siyo hii. Niliandika: rudi, anakuita, mwambie huyo bwana atafute kwingine. Nilikuwa nimeshafika kwenye salamu za mwisho.

Lakini unanijua, sipimi mara moja. Kesho yake nikampa donge kubwa. Akajaza trei nzima, na kila mkate akaubonyeza mara mbili. Wote, wifi. Nilipoitoa tanurini wauzaji wakaniuliza wauze upi, maana kwa sheria ya duka letu hapakuwa na hata mmoja wa kuuzwa. Nikaiweka trei mapajani mwake juu ya taulo. Muuguzi alipoingia, mdogo wangu akamnyooshea mmoja. Mleta kuni akapata wake. Shangazi naye akapewa, akanyamaza kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Ulikuwa mkono tu, unaojua kazi yake. Wewe hukuwemo katika alama ile, wala sisi.

Na hili sijamwambia mtu. Miaka yote ile nilikuwa nauonea wivu mkate wako. Mimi ndiye niliyemlea na kumpa ufundi, na hakuna asubuhi aliyoniwekea mimi. Siku ile akaninyooshea mmoja, una joto bado, una alama. Nilijua hanijui. Nikaupokea kwa mikono miwili, nikaula wote mbele yake, naye akanitazama vile vile anavyoutazama unga ukishuka. Ulinishibisha, wifi. Nilijishangaa ulivyonishibisha.

Ile barua ya kwanza nimeitia tanurini. Ningeituma ungerudi, nakujua, ungekaa hapa ukingoja akuite jina lako, ukingoja mpaka nywele zifanane na unga. Mimi singoji kuitwa, kwa hiyo naweza kukaa. Olewa. Ndilo neno uliloliomba, na nimelipima.

Mama anakusalimu. Shangazi anakusalimu kwa sauti ambayo huenda imekwisha kufika huko. Msalimie huyo bwana, mwambie akikutesa nitakuja na koleo la tanuri. Na siku ukipita huku, ingia. Utamkuta kwenye kiti chake, atakunyooshea mkate. Upokee, ule, usimwulize kitu.

Ni mimi, nitakayeendelea kukuita wifi,
Mama Mizani