Mchoro wa Mkono Wangu

Kolwezi, 13 Machi 1985

Kwako yaya Mbelu, mkubwa wangu,

Mahindi uliyotuma kutoka Mutshatsha yalifika, na mama anashukuru. Kikohozi chake kimepungua.

Shuleni tuna mashini inayokata chuma kwa kufuata utepe wa karatasi wenye matundu. Kabla ya kukata, tunafunga penseli mahali pa kisu, mashini inachora njia yake kwenye karatasi, na mwalimu anakagua. Utepe wa safari hii niliutoboa mimi, na niliamini hesabu zangu bila kuujaribu. Nilichora njia ile mwenyewe kwa rula, kana kwamba mashini ndiyo iliyoichora, nikampelekea mwalimu wetu, citoyen Mukalay.

“Muzuri sana, Ngalula,” alisema.

Rafiki yangu Kabeya ndiye aliyefunga chuma na kuwasha mashini. Utepe wangu ulikuwa na kosa: kisu kilikwenda pasipo pake, kikagonga mashini yenyewe, kikavunjika.

“Muchoro haina kosa,” mwalimu alimwambia mbele yetu. “Ni weye ulifunga chuma mubaya. Uende ulime mihogo kwa nkambo yako.”

Wenzetu walicheka kusikia Kabeya anarudishwa kijijini kwa babu yake. Na mimi nilicheka, yaya.

Sasa Kabeya amefukuzwa karakanani, na mchoro wangu umebandikwa ukutani tuuige. Kesho nitamwambia mwalimu ukweli. Barua hii naipeleka kwenye treni leo, ili kesho nisiweze kunyamaza.

Mdogo wako,
Ngalula