Maji ya Alhamisi kwenye Injini

Baba,

Tu-tu-tu, halafu pengo, halafu tu. Mlio ule wa gari lako likipanda kilima cha kutoka Mitole, nami nyuma nimepakata kichwa chako, haujaniacha. Nikifua nausikia. Nikisali nausikia.

Tangu uondoke, kaka Hamisi hashiki usukani. Baba mdogo alimwambia mbele ya waombolezaji, "Umempeleka kaka yangu hospitali kwa mwendo wa jeneza." Hamisi alikwenda Lindi akarudi na plagi mpya. Siku hizi biashara imefunguliwa, maduka yamejaa vipuri vinavyong'aa. Akafunga. Ijumaa, likiwa limeoshwa kama ulivyozoea, gari likamisi vilevile, injini ikiruka pigo. Akanunua nyingine, ikawa yale yale. Sasa anasema mikono yake ina mkosi.

Siyo yeye, Baba.

Kila Alhamisi jioni uliliosha gari ili Ijumaa liende msikitini likiwa safi, na maji uliyamwaga mpaka kwenye injini. Kila Ijumaa asubuhi likamisi. "Gari la Kiislamu hili," ulitania, "linajua leo hakuna kazi." Nilipokuambia ni maji, ulikuwa barazani na rafiki zako. "Nimelipa ada afundishwe kuandika," ukasema, "amerudi kufundisha injini!" Walicheka mpaka mmoja akamwaga kahawa. Nilikuwa nimetoka kumaliza kidato cha sita. Niliapa sitakuambia tena neno juu ya gari lako.

Kiapo nilikishika vizuri mno. Alhamisi ile uliniagiza ukiwa kitandani: "Lioshe, na injini pia." Ningeweza kukataa. Nilichota ndoo mbili nikazimwaga, kwa hasira, nikijua. Sikujua kwamba alfajiri pumzi zingekubana.

Pale kilimani gari lilizima. Hamisi alifungua boneti, akakaza hiki, akapuliza kile. Mimi nilikuwa na kanga kavu mabegani na nilijua ni maji yanayotaka kufutwa. Nikanyamaza. Nilidhani litatengemaa tu likikauka, kama Ijumaa zote, na kwamba ukipona utanicheka tena. Ulinitazama mara moja. Jua lilipopanda gari likawaka lenyewe, na wewe ulikuwa umeshakata roho.

Wiki iliyopita nililimwagia gari maji kwenye injini kama siku ile, nikaliwasha, likamisi. Nikachomoa waya za plagi moja moja, mkono nimeuzungushia kitambaa. Kila niliyochomoa, injini ililegea. Ya tatu haikubadilisha kitu. Silinda hiyo ndiyo iliyokuwa imelala. Plagi yake nzima, waya yake nzima. Nikafungua kofia ya distributa, kile kifuniko cheusi kinachogawa moto kwa kila plagi. Ndani, kando ya tundu la tatu, kulikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Maji yakiingia, moto unatorokea humo. Nikaukausha kwa kanga ile ile. Silinda zote nne zikafanya kazi.

Nimefunga kofia mpya. Gari lako ni zima, Baba. Sijui nilie au nilipige mawe.

Nimekukasirikia kuliko ninavyokulilia. Watu wananipa pole, nami naitikia, na ndani yangu nagombana na wewe. Kicheko chako kilinifunga mdomo. Lakini mdomo ulikuwa wangu, na hilo siwezi kukutwisha.

Pumzika. Mungu akusamehe, mimi bado najaribu. Ninakuahidi kwamba nikijua jambo nitalisema, hata baraza zima likicheka.

Nimekwisha kuanza. Jana, wageni wa arobaini yako walipoondoka, niliwaketisha Mama, Hamisi na baba mdogo, nikawaeleza yote, tangu zile ndoo mbili mpaka kanga kavu. Hamisi aliufunika uso kwa viganja akalia kwa sauti. Baba mdogo alivaa viatu akaondoka bila kuaga. Mama aliniuliza kitu kimoja tu: kukausha kungechukua dakika ngapi?

Nikamwambia tano.