Jogoo wa Wilkister na Kitufe cha Kufuta

Gitothua,
S.L.P. 418,
Ruiru.
21 Juni 2025

Mpendwa Muriithi,

Habari ya huko Halifax? Natumaini umeamka mzima na ile baridi imekuachilia. Sisi tu wazima, Mungu anatulinda. Goti la mama yako limepata nafuu, na bado anakwenda kazini kule hotelini Chania kila asubuhi, ukimwambia apumzike anakuuliza nani atalisha kuku.

Ningekupigia simu ya video, lakini ungeuona uso wangu. Nimeona heri niandike. Nina aibu, ndugu yangu, na siwezi kumweleza mtu mwingine akaelewa.

Unaikumbuka mashine ya kuangulia vifaranga uliyomtengenezea mama yako, shangazi yangu tata Beth, hapo Kamenu, na kile kisanduku cha kuongoza joto ulichonifundisha kukiingilia kwa laptop nikiwa huku Ruiru. Wanawake wa kanisa wamekuwa wakipokezana zamu, kila mmoja anaijaza mayai yake. Ikafika zamu ya Wilkister, yule jirani wa mama yako kutoka Bungoma, wa kiwanda cha nguo. Stima ilikuwa imepotea, ikarudi, kisanduku kikasahau joto lake. Nikaingia na laptop mpya ya ofisi. Kwa haraka nikaandika 35, nikabonyeza kitufe cha kufuta, nikarekebisha, nikaona 37.5 imekaa vizuri kwenye kioo. Nikafunga, nikaenda kunywa chai.

Hakutoka hata kifaranga mmoja. Tata alitaka tuvunje mayai tuone ndani. Mimi, mtaalamu wenu, nikasema yatanuka, yatupwe tu, shida ni jogoo amezeeka. Nilisema hayo mbele ya wanawake wote. Ciku, mwenye zamu iliyofuata, hakungoja: “Wilki, next time si utuletee tu mayai ya supermarket?” Wakacheka. Na mimi nikacheka.

Yule jogoo aliitwa Chifu, kishingo mwekundu, shingo tupu kama ya mzee aliyetoka kunyolewa. Wilkister alimleta kutoka kwao akiwa kifaranga ndani ya kikapu. Jumapili iliyofuata akaniita kwake. “Aki Ngendo, kama jogoo amezeeka atanifanyia nini hapa? Kuja tukule.” Alikuwa amemchinja. Unajua wenzetu wa magharibi wanavyomheshimu mgeni kwa kuku. Firigisi, ambayo kwao humwendea mkubwa wa nyumba, aliiweka kwenye sahani yangu, kunishukuru kwa kumwambia ukweli. Nikaila.

Wiki hiyo hiyo nilikuwa naiandaa mashine kwa zamu ya Ciku. Nikakiuliza kisanduku kinashika joto gani, jambo uliloniambia nifanye kila mara na mimi nikaliona la wanafunzi. Kikajibu 35.

Nikaandika tena polepole, nikitazama. Kumbe kitufe cha kufuta cha laptop hii kinatuma alama ambayo kisanduku chako hakiijui kuwa ni ya kufuta. Kwangu mshale unarudi nyuma na 7 inaifunika 5, naona kila kitu safi. Kule kisanduku kinapokea 35, kisha takataka, na hapo kinaacha kusoma. Mayai ya Wilkister yalikaa kwenye baridi muda wote, huku mimi nikiamini kioo changu. Dawa yake ilikuwa ndogo hata inachekesha: niliingia kwenye mipangilio ya terminal, ile programu ya kuandikia amri, pale pa Backspace, nikahama kutoka alama ya Control-H hadi Control-?, ambayo kisanduku kinaijua, nikajaribu, kikafuta sawasawa. Muda wa kumenya kitunguu.

Ningeenda kwa Wilkister siku hiyo hiyo. Sikwenda. Nilimwomba mayai ya mwisho ya kuku wake, yale yaliyotagwa Chifu akiwa hai, nikamdanganya kuwa ni ya kujaribia mashine, nikamwomba Ciku angoje. Nilikuwa najiambia kwamba vifaranga wakianguliwa, nitapata mdomo wa kusema.

Wameanguliwa juzi. Wanawake walikuja kwa mama yako kuangalia, na katikati ya wale vifaranga akasimama mmoja shingo tupu, Chifu mtupu. Wilkister akamchukua kiganjani, akamtazama, halafu akanitazama mimi. Basi nikasema yote, mbele ya wale wale niliocheka nao: kwamba jogoo hakuwa na kosa, mayai hayakuwa na kosa, ni mimi, na kwamba nilijua na nikanyamaza. Nilikuwa nalia kama mtoto.

Alinisikiliza hadi mwisho. Hakupiga kelele. Aliuliza tu, “Na ile firigisi, ilikuwa tamu?”

Ilikuwa tamu, Muriithi. Hilo ndilo linalonichoma.

Tata Beth anakusalimu sana. Karanja na Waruguru hapa nyumbani wanauliza lini utarudi, na Wilkister amesema nikuambie mashine yako haina neno. Hakunituma kukuambia lolote juu yangu.

Mungu akulinde ugenini, akupe kazi njema na watu wa kukuvumilia.

Ni mimi nikupendaye, hata kama wiki hii sijipendi,
Ngendo