Jiwe la Shimo Lenu Likinyamaza

Papa Amani mupenzi,

Mtoto wetu Amani ameziba masikio sasa hivi, anasema, "Jiwe la papa limekasirika." Hapa Goma, kwenye labo ya kupima mawe, mashine imefinya lile jiwe la shimo lenu tulilolileta, ingine ikalisikiliza. Lililia kidogo kidogo, likanyamaza, nikasema limechoka. Ghafla likapasuka, vipande vikaruka. Fundi wa mashine akanicheka: "Mama, ulifikiri limelala? Likilia halafu linyamaze, ndipo linapasuka." Na ninyi kule munangojaga linyamaze ndipo murudi kuchimba. Sasa tumejua, mimi na wewe tutazeeka pamoja. Mungu akulinde, tunakupenda sana. Shoferi anayekuletea kadi hii ananiita. Kesho ukisikia kimya, acha hata nyundo, toka, na wenzako uwaambie watoke.