Mkuu Anasema Aliruka Mwenyewe

Shangazi Consolata, shikamoo, naomba unisaidie kabla ya Jumatatu maana nisipojua la kusema mstarini nimekwisha. Mimi ni mwalimu wa sayansi darasa la tano hapa Makambako, vifaa hatuna, basi siku ya somo la nyenzo nikaazima ubao mrefu kwa seremala nikauweka juu ya gogo, nikawaambia watoto gogo likikaa karibu na mzigo hata mwepesi anamnyanyua mzito, wakakataa katakata, ndipo nikamwona Mwalimu Mkuu anapita na kaunda suti yake, nikamwomba kwa heshima zote akae upande mfupi awe mzigo, akakubali, na kule upande mrefu mwisho kabisa nikamketisha Safina, katoto kembamba hako, lo! Mkuu akaenda juu miguu inaning'inia, shule nzima ikatoka madarasani kushangilia, na Safina kwa adabu akaniuliza, "Mwalimu, nimshushe au akae kidogo?" Sasa Mkuu amenuna, amemwita Safina ofisini akamwambia ni mwongo, na anataka Jumatatu niwatangazie watoto kwamba Safina hakunyanyua kitu, yeye Mkuu aliruka mwenyewe, nikikataa anapeleka jina langu kwa afisa elimu nihamishwe, na mume wangu ndiyo kwanza amefungua kibanda cha mitumba hapa, na Safina tangu siku ile hanyooshi mkono darasani. Nifanyeje?

Mwalimu Hyasinta, Makambako

Marahaba, Mwalimu. Nimecheka mpaka chai imenipalia, sasa nikugombeze. Mawe yameisha Njombe nzima? Na magunia ya viazi je? Ulimwona yule bwana na kitambi chake ukasema huyu huyu. Usinibishie, hata mimi ningemchagua.

Kwa hiyo nenda ofisini kwake, peke yako, umwombe radhi. Mtu mzima kuchekwa na shule nzima kunauma jamani, na ulipaswa kumweleza mapema kitakachompata. Hapo hata magoti piga.

Lakini kusema aliruka, thubutu! Aliruka amekaa? Watoto wana macho. Ukiwaambia hawakuona walichokiona, kesho utawafundisha nini wakuamini?

Mwambie Mkuu kwamba Jumatatu ubao utakuwepo mstarini, na safari hii upande mrefu anakaa yeye. Upande mfupi panda wewe na mwalimu mwenzako mnene kuliko wote, mnyanyuliwe, miguu ining'inie, mchekwe na nyinyi. Sijaona mkuu anayekataa kupigiwa makofi. Halafu Safina asimame mbele aeleze kwa nini imewezekana, na Mkuu amsikie.

Akigoma, akapeleka jina lako, hama mama. Kibanda cha mitumba kinabebeka, hata ukipelekwa Matamba kule milimani watu wanasikia baridi, watanunua makoti. Ila mkono wa Safina ukishashuka moja kwa moja, hakuna ubao utakaounyanyua.