Kidoti Katikati ya Maji

Utende, Mafia
Agosti 2024

Kwa kaka yangu mpendwa Costantine,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji Brightness na watoto, na kwamba baridi ya Songea imeanza kuwaonea huruma. Mimi sijambo. Nimenenepa kwa pweza wa nazi, na jua la huku limeniunguza kiasi kwamba mama angekuwepo angeuliza huyu ni mtoto wa nani. Shuleni tulifundishwa kwamba baada ya salamu lazima uandike, "hofu na mashaka ni kwako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu." Safari hii nimeyaruka maneno hayo makusudi, na utaona mbele ni kwa nini.

Najua utashtuka kupata karatasi badala ya ujumbe wa simu. Usiogope, hakuna msiba. Nina neno ninalotaka ulisikie lote kabla hujanijibu, na wewe kwenye simu huwa hungoji mtu amalize.

Nilikwambia mradi umenitoa stoo. Sasa kazi yangu ni kutazama kioo. Kuna kamera imefungwa kwenye nguzo pale wanaposhukia watu wanaotoka Chole. Hapa tuko ndani ya hifadhi ya bahari, na mradi uliiweka kwa ajili ya nyavu haramu na mashine za boti zilizokuwa zikiibwa. Haina sauti. Mchana nakaa katika chumba kidogo chenye pazia, naona watu wanacheka bila kicheko, wanagombana bila ugomvi, na maji yanajaa na kupwa kimya kimya. Kuna saa nashindwa kujua kama nawatazama watu wale au nawaota. Wanapita, wanapungua, unabaki mchanga na kivuli cha nguzo, kisha wanakuja wengine.

Katika ndoto hiyo akaingia Bi Kijakazi. Ni mama mtu mzima wa Chole, anasuka mikeka na kuja kuiuza huku kwenye hoteli za wageni. Kila anaposhuka kwenye boti husimama chini ya nguzo, hutua mzigo wake, huinua uso na kuisalimu kamera. Nilikuwa naona midomo inakwenda, kisha anangoja kidogo, kama mtu anayeitikiwa, ndipo anabeba mzigo na kwenda zake. Bosi wangu Gerson alicheka mpaka akajifuta machozi, na mimi nikacheka naye. Ni mpishi wetu Safia, mzaliwa wa hapa, aliyetueleza kwamba Bi Kijakazi aliambiwa mle kuna mtu amewekwa awatazame wapitao, basi akauliza, atampitaje mtu bila kumpa salamu? Safia akaongeza, akimenya vitunguu bila kututazama, kwamba salamu ikishatolewa ni wajibu kuijibu.

Niliona haya, kaka. Kuanzia hapo nikawa namwitikia. Nasema "Shikamoo bibi" mbele ya kioo, halafu nageuka kuangalia kama Gerson amesikia. Mwisho nikaona huo nao ni wazimu, nikateremka hadi ufukweni nikamwamkia uso kwa uso. Hakushangaa hata kidogo.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Nilijua tu mle mna mtu. Hakuna jicho lisilo na mwenyewe."

Ndivyo nilivyopata mwenyeji. Jumamosi nikitoka kazini navuka kwenda Chole, nalala kwake, na Jumapili jioni narudi. Ananifundisha kusuka ukili wa mikeka, na ukili wangu unakwenda upogo kama njia ya mlevi, watoto wanaukimbiza kuonyeshana. Popo wa kule ni wakubwa, wananing'inia mchana kutwa kama nguo zilizosahaulika kwenye kamba. Tukimaliza kula tunakaa uani, hatusemi kitu, na moyo wangu unatulia. Raha hiyo sikumwambia mtu yeyote. Haikuwa siri, ilikuwa yangu tu.

Sasa sikiliza yaliyotokea. Asubuhi moja Bi Kijakazi alishuka na mjukuu wake Somoe, aliyeolewa Miburani, huku huku Mafia. Somoe alikuwa amejifunika sana, na mkono wake mmoja umefungwa kitambaa shingoni. Gari lilikuwa linamngoja. Alipokwisha kupanda, Bi Kijakazi akaja chini ya nguzo kama kawaida yake, lakini siku hiyo hakunisalimu. Aliweka kiganja kifuani, akatamka neno moja polepole, akalirudia. Nikaigiza midomo yake kwa midomo yangu mpaka nikalipata. Alisema, amana.

Haukupita muda akaja mume wa Somoe, jina lake Matano. Nilitarajia mtu wa shari, kumbe mpole, amevua viatu mlangoni, amemwamkia Gerson vizuri na kumwita mzee. Alieleza kwamba walikorofishana kidogo tu, mke akaondoka, na tangu hapo chakula hakipiti. Alikuwa amesikia kwamba kamera yetu haisahau. Aliomba aonyeshwe Somoe alipanda gari gani na lilielekea wapi. Gerson alimhurumia, na mimi pia nilimhurumia, maana alikuwa analia kwelikweli, machozi yanadondoka kwenye kanzu.

"Sitaki ugomvi," alisema. "Nataka tu kujua yuko salama."

Gerson akaniambia nimfungulie. Kaka, mkono wangu ulikwishaifungua picha. Kioo kilikuwa kimenielekea mimi, yeye hakioni, na Somoe alikuwa pale mdogo kama punje, anavuka mchanga na ule mkono wake uliofungwa. Nikamwona Bi Kijakazi anakuja tena chini ya nguzo, anatamka tena. Nikasema picha hizi zilipigwa kutafuta nyavu, hazikupigwa kutafuta wake za watu, na kwamba siku hizi kuna sheria ya taarifa za watu, hazitolewi kwa kila anayeomba. Nikasema anayetaka kujua Somoe yuko salama akawaulize wazee wake Chole, nao watamuuliza mwenyewe. Gerson alikasirika, akazunguka meza aone kitu gani kinanizuia. Akauona ule mkono. Akamwambia Matano kwamba ofisi haina cha kumpa.

Matano alikaa nje mpaka maji yakapwa, ndipo akaondoka. Wazee wa pande zote mbili wamekwishakutana. Somoe alituma salamu kwamba amefika. Amefika wapi, mpaka leo sijui, na sijauliza. Gerson ameigeuza kamera itazame boti peke yake, na tumebandika kibao cha kuwaambia watu kwamba ipo. Bi Kijakazi amelalamika kwamba nimempa kisogo.

Siku ile ile ya Matano, jioni, ulinipigia. Uliniuliza habari za kazi, ukaniuliza kama nakula, halafu ukaniuliza kwa utani Jumamosi nilikuwa nafanya nini katikati ya maji, na kile kisiwa nilichokwenda kulala ni kwa nani. Nilicheka. Kicheko kilikuwa bado kinywani nilipokumbuka kwamba sikuwa nimekwambia habari za Chole. Nikakuuliza umejuaje. Ukasema, "Nataka tu kujua uko salama."

Yale yale, kaka. Neno kwa neno.

Sikufananishi na Matano. Wewe hujawahi kuninyanyulia mkono hata nilipovunja redio ya baba. Najua hofu hii imetoka wapi. Imetoka kwa ndugu yetu Careen, aliyeugua peke yake katika chumba cha kupanga Morogoro, simu inaita na kuita, mpaka wenye nyumba walipovunja mlango. Najua uliponinunulia simu hii ukaniwekea kila kitu mwenyewe, ulikuwa unafunga mlango ule ule usivunjwe tena. Nimekulilia wewe zaidi ya nilivyojililia. Lakini tangu ile jioni, kila nilipokuwa nasuka ukili nilihisi mtu amesimama nyuma yangu, na mtu huyo hajabisha hodi.

Basi nakwambia ukweli. Yule unayemwona Utende kila Jumamosi, ametulia hatoki, si mimi. Ni simu. Tangu uliponipigia nimekuwa naiacha nyumbani ndani ya kopo la mchele, navuka mikono mitupu. Umekuwa ukililinda kopo la mchele, kaka, na Mungu akubariki, haujapotea hata punje. Leo asubuhi nimeufuta kabisa ule mtambo wako wa kunifuatilia uliomo ndani ya simu. Ukifungua ramani yako hutaona kidoti changu, na sikutaka ukione kimezimika ukadhani ni Careen tena. Ndiyo maana barua hii nimempa jirani anayesafiri, aiwahishe kwako.

Hakuna mwanamume Chole, kama ndilo linalokukosesha usingizi. Na siku akiwepo nitakwambia mwenyewe, kwa mdomo wangu. Ukitaka kujua niko wapi, niulize. Nisipokujibu, uliza kwa Safia au kwa Bi Kijakazi, maana hapa mtu asipoonekana watu huja mlangoni kumwita. Au njoo. Boti ya Chole utaikuta Utende, nyumba ya Bi Kijakazi ni ya pili kutoka kisimani. Bisha hodi, uone nitakavyokimbia kufungua.

Nisalimie shemeji, mwambie mkeka wake unasukwa, ingawa umekwenda upogo. Wabusu watoto. Kaburi la Careen ukilipitia, mwekee ua kwa niaba yangu.

Ni mimi mdogo wako, niliye mzima wa afya, na niliye mbali na upeo wa macho yako,

Getrude