Sarafu Juu ya Kitovu cha Elia

Alhamisi, alasiri. Julai.

Upepo umevuma tangu asubuhi, ule wa Julai wa huku kwetu Singida, unaogonga madirisha mpaka unadhani kuna mtu anabisha hodi. Wodi ya watoto ina baridi. Nimevaa sweta na vitenge viwili juu yake, naandika kwenye simu kwa kidole kimoja, kwa sababu mkono wangu mwingine ameushika Elia na hataki kuuachia.

Elia ni mwanangu wa kwanza, ana miezi mitano. Jumatatu alifanyiwa upasuaji wa ngiri. Tangu siku hiyo mimi, bibi yake na daktari tumekuwa tukisubiri kitu kimoja tu: mtoto ajambe.

Cheka tu. Hata mimi nilicheka nilipoambiwa, halafu nikalia.

Daktari alinichorea nyuma ya karatasi. Mtoto wa kiume akiwa bado tumboni mwa mama yake, korodani zake hushuka kupitia kinjia kidogo kwenye kinena, na baadaye kinjia hicho hujifunga. Kwa watoto wengine hakijifungi, na utumbo unapata pa kuteremkia. Mtoto akilia uvimbe unatokea, akitulia unapotea. Siku utumbo ukinasa humo, damu haifiki tena na unaanza kufa. Wa Elia ulinasa. Walipoufikia ulikuwa umegeuka rangi kama zambarau. Wakaufunika kwa vitambaa vya maji ya vuguvugu, wakangoja, na rangi ikarudi, kwa hiyo hawakukata kipande. Lakini daktari hakunificha. Alisema utumbo unaweza kurudisha rangi yake na bado ukashindwa kufanya kazi. Akijamba, tumepona. Tumbo likizidi kujaa, anarudi kupasuliwa.

Kwa siku tatu nimekuwa nikilitazama hilo tumbo.

Na kwa siku tatu nimekuwa nikikwepa kuandika jambo hili lingine. Sasa niliandike.

Kitovu cha Elia kilipodondoka, pale pahali palibaki pametokeza kama nyanya chungu. Akilia kinasimama kabisa. Majirani pale Iguguno wakija kumwona mtoto, wanamsifia macho, halafu wanakitazama kitovu na kunyamaza. Nilichoka. Mimi ni mwalimu, nafundisha sayansi darasa la tano. Mwalimu mzima nikachukua sarafu ya mia mbili, nikaichemsha kwanza (ndiyo sayansi yenyewe hiyo), nikaizungushia kipande cha khanga, nikaikandamiza juu ya kitovu na kumfunga mtoto mkanda tumboni. Mama yangu mzazi alitufunga hivyo hivyo mimi na ndugu zangu. Siku za kliniki nilikuwa naifungua na kuificha kwenye pochi, wauguzi wasije wakanisema. Tukirudi nyumbani naifunga tena.

Anayemwogesha Elia ni mama mkwe wangu. Anakaa hatua chache kutoka kwetu, na shule aliiacha darasa la tatu. Aliitazama ile sarafu akasema tu kwamba yeye wanawe hakuwafunga. Lakini siku moja akiwa na mtoto kwenye beseni akaniita. "Mama Elia, njoo uone. Hapa kando ya paja pana kitu, kinakuja kinaondoka. Mpelekeni hospitali."

Nilipofika kilikuwa kimeshaondoka. Nikamwambia, "Ni mafuta hayo, Mama. Mtoto amenenepa."

Wiki iliyofuata akarudia. Nilikuwa nasahihisha madaftari. Sikuinua hata kichwa. Nikajibu kwa sauti ile ninayowajibu wanafunzi wanaouliza swali nililokwisha kulijibu. Yeye akaendelea kumpaka mtoto mafuta.

Jumatatu asubuhi Elia alilia kilio nisichokijua. Akatapika, mara ya pili matapishi yakawa ya kijani. Nilipomvua nepi nikaona uvimbe kinenani, mgumu, mwekundu, na kila nikiugusa anapiga kelele. Mume wangu ni fundi wa mashine ya kukamua alizeti. Siku hiyo alikuwa Shelui kutengeneza mashine ya watu. Tajiri yake akatupatia pikapu iliyokuwa inapakia mashudu ya alizeti, nikapanda mbele na mtoto, Mama akapanda nyuma juu ya magunia. Njia nzima hadi mjini nilikuwa namwona kwenye kioo ameshika kilemba chake upepo usikichukue.

Hospitalini muuguzi wa zamu, binti mdogo tu, alimvua Elia nguo. Kwa haraka zangu nilikuwa nimesahau kufungua mkanda. Sarafu ikaanguka kwenye shuka mbele ya watu wote.

"Nani kamfunga hii?"

Nikasema, "Bibi yake."

Lilitoka lenyewe, sikulipanga. Mama alikuwa amesimama nyuma yangu na mfuko wa nepi. Yule binti akamgeukia, akamwamkia shikamoo kwa adabu zote, kisha akamsema. Alisema mabibi kama yeye ndio wanaotuulia watoto kwa mambo yao ya kienyeji. Alisema kwa sauti, na akina mama wengine waligeuka kutazama. Mama aliniangalia mara moja tu, halafu akaangalia sakafu.

"Nimesikia, mwanangu," akamjibu.

Mume wangu alipofika jioni alihadithiwa na watu wa kitanda cha jirani. Akawapigia dada zake. Tangu hapo Mama amekuwa ndiye aliyetaka kumuua mjukuu, na mwanawe anamsalimia huku anatazama pembeni. Naye analala kwenye mkeka chini ya kitanda cha Elia, asubuhi anaamka kufua. Hajasema kitu.

Juzi daktari aliniambia kitovu kile kingeweza kujifunga chenyewe tu kabla mtoto hajaanza shule, kama vinavyojifunga vya wengi, na sarafu haisaidii chochote zaidi ya kuchubua ngozi. Ngiri ya kinenani ndiyo isiyosubiri. Kama unanisoma na una mtoto ana uvimbe pale, hata kama unakuja na kuondoka, hata kama hauumi, mpeleke ukiwa bado unaondoka. Mimi nilikuwa nakikaza kitovu kila asubuhi, na chini yake kidogo, pale nilipoonyeshwa mara mbili, sikutazama.

Leo saa nane mchana Elia amejamba.

Kidogo sana, kama mtu anayefungua soda kwa kificho. Mama wa kitanda cha pili akapiga makofi. Bibi yake akainama, akamsemesha Kinyiramba kile chao cha wakati wa kuoga, akacheka, kisha akajifuta macho kwa kilemba. Daktari alikuja akasikiliza tumbo, akasema jioni nijaribu kumnyonyesha kidogo. Korodani ya upande ule, ambayo nayo ilibanwa ikakosa damu, hajui bado kama imepona. Tutarudi ikaangaliwe. Sijui nitamwelezaje Elia akija kukua.

Nilitoka nje. Mama alikuwa anaanika nepi, anazibana kwa mawe kwa sababu ya upepo.

"Mama," nikamwambia, "sarafu niliifunga mimi."

"Kwani mimi sijui? Si namwogesha?"

"Sasa kwa nini hukusema?"

Akakung'uta nepi nyingine. "Ulikuwa unatetemeka. Wangekugombeza wewe, maziwa yangekimbia. Mtoto akitoka huko ndani atanyonya nini? Mimi sinyonyeshi. Mimi waache wanigombeze."

Nilichukua upande mmoja wa shuka, tukaikamua pamoja.

Nimerudi ndani, na Elia amelala. Mawifi zangu, najua mnasoma ukurasa wangu huu, kwa hiyo someni vizuri: sarafu niliifunga mimi, na ngiri aliiona mama yenu, wiki mbili kabla ya daktari yeyote. Baba Elia, nawe rudia kusoma sentensi hiyo kabla hujapiga simu.

Sarafu ninayo kwenye pochi. Kesho asubuhi yule muuguzi anaingia zamu. Nitamwonyesha na kumwambia ni yangu, nikiwa nimesimama pale pale, akina mama wale wale wakisikia. Halafu nitamwomba amwamkie Mama upya.